Kamera ya filamu ikigoma visiwani: dalili za Pentax K1000 na chanzo chake

Mtu akiniletea kamera ya zamani na kuniambia imekufa, namwomba kwanza anionyeshe filamu ya mwisho aliyoiosha. Wengi hushangaa, na baadhi yao wameshaitupa. Filamu hiyo ndiyo inayosema maradhi yako wapi, na mara nyingi husema wazi kabla hata bisibisi haijatolewa kwenye mkoba.

Nitaizungumzia Pentax K1000 kwa sababu ndiyo niliyo nayo mwenyewe. Ilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, kwanza Japani, baadaye Hong Kong na China, na ndiyo iliyowafundisha wanafunzi wengi wa upigaji picha duniani. Unalenga kwa mkono, unachagua kasi kwa mkono, unachagua tundu, yaani upana wa njia ya mwanga ndani ya lenzi, kwa mkono. Betri moja ndogo ya saa, LR44, inaendesha kipima mwanga tu. Shata, ule mlango unaofunguka na kufunga mbele ya filamu, ni springi, meno na mapazia mawili ya kitambaa cheusi, kwa hiyo betri ikiisha kamera inaendelea na kazi. Mwenye Olympus OM-1 au Minolta SRT-101 atayaona mengi ya haya kwake pia. Mwenye Canon AE-1 ajue tofauti moja kubwa: ile bila betri haifyatui kabisa, basi aanzie kwenye betri.

Anza na kingo za filamu

Kiwanda huandika jina la filamu na namba za picha kwenye kingo, kwa mwanga. Maandishi hayo hayaonekani mpaka filamu ioshwe, na kamera haina mkono wowote ndani yake. Kwa hiyo yanakutenganishia kosa la kamera na kosa la dawa.

Filamu ikitoka angavu kama kioo cha dirisha, lakini maandishi ya kingoni yapo na yamekolea, dawa zimefanya kazi yake. Ni mwanga ambao haukuingia. Sababu iliyo kubwa kuliko zote ni kwamba filamu haikusogea. Ulimi wake ulichomoka kwenye bobini ya kupokelea, nawe ukaendelea kupiga hewa. Yalinifika Makunduchi siku ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya. Vumbi, moshi wa kibanda kikiungua, vijana na vigogo vya migomba, kina mama wakiimba, na mimi nikibonyeza kwa furaha. Nilipofika "picha ya 40" kwenye filamu ya picha 36, moyo ukaniruka. Hakukuwa na hata moja. Tangu siku hiyo sifungi mlango mpaka nione meno ya juu na ya chini yameshika matundu ya filamu, kisha nakaza kidogo kile kimkono cha kurudishia filamu upande wa kushoto. Kila ninapovuta picha mpya nakitazama. Kikizunguka, filamu inakwenda. Kikikaa kimya, simama.

Filamu ikiwa angavu na maandishi ya kingoni hayapo, kamera haina hatia. Filamu ilitiwa kwenye dawa ya kugandishia kabla ya dawa ya kuoshea, au dawa ya kuoshea ilishakufa. Filamu nyeusi tii mpaka kingoni imepigwa na mwanga wote: mlango ulifunguliwa, au kopo la kuoshea lilifunguliwa mapema.

Kuna hali ya katikati inayowachanganya wengi, picha zilizofifia. Tazama tena kingo. Picha hafifu na maandishi yaliyokolea maana yake mwanga ulikuwa mdogo wakati wa kupiga. Picha hafifu na maandishi hafifu maana yake filamu haikuiva kwenye dawa.

Michirizi ya rangi ya chungwa na mabaka meupe

Hili ndilo tatizo nililoliona zaidi kwenye kamera zilizokaa kwenye makabati ya Mji Mkongwe. Mwanga unavuja. Mlango wa nyuma wa kamera umezibwa kwa sponji nyembamba nyeusi, na sponji ile haikuumbwa kukaa miaka 40. Inaoza, inageuka ulimbo, inashika kidole, halafu inamomonyoka. Joto na unyevu wetu huiharakisha.

Kabla ya kubandua chochote, tafuta mwanga unapita wapi. Itazame filamu yenyewe, usitazame picha iliyochapishwa, maana chapa huwa imekatwa kingo. Doa likivuka mipaka ya picha na kuingia kwenye matundu ya pembeni, mwanga umepita mlangoni. Doa likiishia ndani ya fremu na kukatika sawasawa ukingoni mwake, mwanga umetoka upande wa mbele: pazia la shata lina tobo, au linachelewa kufunga. Kwenye filamu ya rangi, mwanga unaoingia kwa nyuma huacha rangi ya chungwa au nyekundu, kwa sababu tabaka linalohisi nyekundu ndilo lililo karibu na mgongo wa filamu, nalo ndilo linalopigwa mwanzo. Kwenye filamu ya nyeusi na nyeupe utapata baka jeupe tu kwenye chapa.

Kumbuka pia kwamba lenzi hupindua kila kitu. Kilichovuja juu ya kamera kitaonekana chini ya picha, na kilichovuja upande wa bawaba, ambao uko kulia ukiitazama kamera kwa nyuma, kitaonekana kushoto. Nimemwona mtu akibadilisha sponji ya juu mara mbili huku ugonjwa uko chini.

Kazi yenyewe unaweza kuifanya nyumbani. Iinamishe kamera ili makombo yaanguke nje, yasiingie kwenye mapazia. Lainisha sponji iliyooza kwa spiriti ya hospitali kidogo, kisha ikwangue kwa kijiti cha meno cha mbao. Usitumie chuma, na mapazia ya shata usiyaguse hata kwa ncha ya ukucha. Mfereji wa juu na wa chini naujaza kwa uzi mweusi wa sufu, ule wa kufumia, nikiushika kwa gundi nyeupe kidogo sana. Upande wa bawaba naweka kipande cha mahameli nyeusi. Kitambaa cha baibui nilikijaribu, ni chembamba mno, mwanga unapita. Gundi ile kali ya kukausha papo hapo usiilete karibu kabisa: mvuke wake huacha utando mweupe kwenye vioo.

Ukimaliza, tia filamu ya majaribio. Piga picha tatu, weka kamera juani dakika tano upande mmoja, andika namba ya picha, geuza upande wa pili, andika tena. Filamu itakujibu.

Nyuso nyeusi, kanzu za kijivu

Hapa wengi huilaumu kamera kwa kosa lisilo lake. Siku ya Idi unapiga picha ya familia Mnazi Mmoja, wanaume wote na kanzu nyeupe, mshale wa kipima mwanga umekaa katikati kabisa, na picha zinatoka na nyuso za giza na kanzu rangi ya majivu. Kipima mwanga hakijui kanzu ni nini. Kimefundishwa kwamba kila kinachokiona kina wastani wa kijivu, kwa hiyo weupe mwingi hukifanya kipunguze mwanga. Mchanga wa Jambiani na kuta zilizopakwa chokaa hukidanganya vivyo hivyo. Baibui jeusi likijaa kwenye kioo hukidanganya kinyume chake, na baibui hutoka kama limepauka.

Dawa yake ni kupima kitu cha wastani kilicho kwenye mwanga uleule: lami ya barabara, majani, ukuta wa mawe usiopakwa chokaa. Weka kasi na tundu kwa kipimo hicho, kisha ugeukie watu wako na usimjali mshale tena. Ukikosa cha kupima, kwenye mchanga au kanzu ongeza mwanga hatua moja (yaani mara mbili), au moja na nusu.

Mshale usiposogea kabisa ndipo tuseme ni kamera. Betri ya LR44 mafundi saa wa Darajani wanazo. Weka mpya, na isipofanya kazi igeuze upande, maana wengi huiweka kichwa chini. Ukikuta unga mweupe au wa kijani kwenye nyumba ya betri, futa kwa siki kidogo kwenye kijiti cha pamba, kisha spiriti, uache ikauke. K1000 haina swichi ya kuzimia kipima mwanga. Kinazimika kwa giza tu, basi funika lenzi kila unapoiweka, usije ukaona betri zinakwisha ukadhani ni mbovu.

Mambo mawili zaidi kabla hujakihukumu. Kipima mwanga hiki ni cha aina inayokumbuka mwanga: ukitoka jua la saa saba na kuingia ukumbini, kipe muda kidogo kitulie. Na macho yake yako karibu na kitundu cha kuchungulia, kwa hiyo jua likiwa mgongoni mwako na jicho lako halijasogea vizuri, mwanga wa nyuma huingia na kukipotosha. Kukihakiki ni rahisi: jua wazi, ISO 100 (wepesi wa filamu kuhisi mwanga), kasi 1/125 ya sekunde, na mshale ukae karibu na katikati kwenye f/16 (tundu dogo; namba ya f ikikua, tundu hupungua) ukilenga kitu cha wastani. Mshale ukikosea kwa hatua ileile kila mara, rekebisha kwenye namba ya ISO na uendelee na maisha.

Kioo kimekwama juu, au upande wa picha ni giza

Unabonyeza, unasikia nusu ya mlio, na kwenye kitundu cha kuchungulia ni giza totoro. Kioo cha ndani, kile kinachopeleka picha kwenye jicho lako na kupanda unapofyatua, kimepanda hakikushuka. Angalia kwanza ile sponji ndogo ambayo kioo hugonga kikipanda. Ikigeuka ulimbo hukishika kwa juu. Ikiwa ni kavu, basi pazia la pili halikumaliza safari yake na kioo kinalisubiri, kwa sababu grisi ya ndani imekauka au imechanganyika na vumbi. Sukuma taratibu mkono wa kuvutia filamu uone kama kuna kilichobaki. Usilazimishe.

Na tafadhali usitie mafuta. Nimeona kamera iliyotiwa mafuta ya cherehani, na nyingine iliyotiwa ya nazi. Zilifanya kazi wiki moja, kisha mafuta yakasambaa mpaka kwenye mapazia na kwenye vibati vya lenzi, vile vinavyofungua na kufunga tundu, na hapo hazikutengenezeka tena. Fundi saa mmoja mzee, nilipomwomba tone moja tu, aliniambia: "Mwanangu, mafuta huwekwa na anayejua yatakwenda wapi." Alikataa, nami namshukuru.

Picha yenye ukanda wa giza upande mmoja ina sababu mbili, na ni rahisi kuzitofautisha. Kama ulitumia flashi, angalia kasi: K1000 inakwenda na flashi mpaka 1/60 tu. Ukizidisha, pazia la pili huwa limeshaanza kufunika. Kama hukutumia flashi na giza linatokea kwenye 1/500 na 1/1000, pazia la pili linalifikia la kwanza njiani. Toa lenzi, fungua mlango wa nyuma, elekeza kamera kwenye anga jeupe na ufyatue kwa 1/1000 ukichungulia kwa nyuma. Dirisha lote liwake. Likiwaka nusu, umeshaliona. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye vipimo, ila huku ukimsubiri unaweza kuishi bila 1/1000: kwa ISO 100, jua la hapa linatosheka na 1/250 kwenye f/11.

Kasi za polepole zinahakikiwa kwa simu inayorekodi picha 240 kwa sekunde. Kwenye 1/30 utahesabu karibu picha 8 za dirisha lililo wazi, kwenye 1/60 karibu 4. Sekunde moja ikinata, fyatua mara 40 au 50 bila filamu. Kamera iliyolala miaka mingi mara nyingi huamka kwa mazoezi hayo tu.

Picha zikizidi mwanga kwenye f/11 na f/16 lakini ziko sawa kwenye f/2, iache shata. Toa lenzi, weka f/16, sogeza kile kijiti cha nyuma. Vibati vifungue na kufunga papo hapo kama jicho linavyopepesa. Vikivuta miguu, vina mafuta.

Mkono wa kuvutia umegoma

Hesabu kwanza, pengine filamu imekwisha. Kama haijaisha, bonyeza kitufe kidogo cha chini na urudishe filamu nyuma. Kikikataa nacho, ingia chumba kisicho na mwanga usiku, jifunike blanketi na ufungue huko. Ukilazimisha mkono utachana matundu ya filamu, na vipande vyake vitaingia kwenye meno.

Kwenye kitundu cha kuchungulia pamekaa sawa, kwenye picha pamekwenda ukungu

Jiulize kasi ilikuwa ngapi. Kwa lenzi ya milimita 50, chini ya 1/60 mkono wako unatikisika hata kama hujihisi. Ukiwa na hakika na kasi, nenda Forodhani siku ya hewa safi ukalenge Kisiwa cha Changuu, au meli iliyo mbali. Pete ya kulengea ikifika mwisho, kwenye alama ya mbali isiyo na kikomo, kisiwa kiwe kimekaza kabisa pale katikati ya kitundu cha kuchungulia.

Kisha fanya jaribio hili, nalipenda kuliko yote. Kamera ikiwa tupu, fungua mlango wa nyuma, tandaza karatasi ya kunakilia ramani juu ya reli mbili ambazo filamu hupita, ikaze vizuri kwa selotepu. Weka kasi kwenye B, fungua tundu lote, bonyeza na ushikilie. Kisiwa kitaonekana kichwa chini juu ya karatasi. Kikiwa kimekaza kwenye karatasi na kwenye kitundu cha kuchungulia, kamera ni nzima. Kikikaza kwenye karatasi tu, kioo cha ndani au skrini ya kulengea imesogea mahali pake. Kisipokaza kwenye karatasi, ni lenzi, au kuna mtu aliyewahi kuifungua akairudisha vibaya.

Nyuzi kama za buibui ndani ya lenzi

Masika, mlango umefungwa, nguo kwenye kabati zina harufu: hapo ndipo kuvu huota kwenye lenzi. Anachohitaji ni unyevu wa muda mrefu, giza na hewa isiyotembea, na nyumba zetu za mawe zina vyote vitatu. Fungua tundu lote, mulika kwa tochi kutoka nyuma. Vumbi ni nukta. Utando wa mafuta ni weupe uliotanda sawa. Kuvu ana matawi kama mizizi.

Nyuzi chache pembeni hazionekani kwenye picha, ila ukipiga dhidi ya jua rangi zinapauka. Hatari ni kumwacha, kwa sababu hutoa asidi inayokula tabaka la kioo, na alama hiyo haifutiki tena. Jua linamsimamisha: vua vifuniko, fungua tundu, weka lenzi karibu na dirisha asubuhi kwa saa moja hivi, siku kadhaa. Usiiache peke yake wala usiielekeze kwenye pazia au karatasi, inakusanya jua na kuunguza. Ikipata joto kali, grisi inayeyuka na kwenda kwenye vibati. Kumfuta kabisa kunahitaji lenzi ifunguliwe, na hapo ni fundi.

Mkoba wa ngozi uliokuja na kamera, uzuri wake wote, ni nyumba ya kuvu. Uweke mbali. Mchele nao una vumbi la wanga na hatimaye fukusi. Kinachofaa ni kopo la plastiki lenye mpira wa kubana, na ndani yake zile punje za kufyonza unyevu zinazokuja kwenye maboksi ya viatu na chupa za dawa. Zikichoka, zitoe kwenye karatasi, zikaushe kwenye kikaango juu ya moto mdogo, uzirudishe zikishapoa. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda nje, iache kamera ndani ya mkoba uliofungwa nusu saa, umande usije ukakaa vioo vya ndani.

Baada ya safari ya boti kwenda Pemba naifuta kwa kitambaa kilicholowa maji baridi kidogo na kukamuliwa, kisha kikavu, maana chumvi ikikauka hunyonya unyevu na kula chuma. Mchanga ukilia kwenye pete ya kulengea, acha kuizungusha. Kwanza puliza kwa ule mpira wa dukani wa kunyonyea kamasi za watoto, lenzi ikitazama chini, na urudie mpaka mlio uishe.